Supu Kwenye Kibanda cha Maziwa

Kabla Kitengela haijawa mji wa lami na maghorofa, nyumbu walipita pale kama watu wanaokwenda kwao, na mtu aliyeshikwa na kiu aliingia boma lolote, akaamkiana na wenyewe, akapewa maziwa, akanywa, akaenda zake. Aliyeuza maziwa alionekana kama mtu anayeuza salamu. Siku hizi maziwa yana bango, na salamu nazo karibu zitawekewa lake.

Elizabeth, ambaye wateja wake humwita Mama Lorna, hakuhamia mjini. Mji ndio uliomhamia. Ardhi ya mumewe ilikwenda kipande kwa kipande. Gari likanunuliwa, gari likafa, na mwenye gari akalifuata. Mjane alibaki na kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga, na ujuzi mmoja alioachiwa na mama yake, ujuzi wa kugandisha maziwa kibuyuni. Huchukua kijinga cha mti wa oloirien, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka moshi ushike kuta zake, ndipo humimina maziwa na kuyaacha yalale. Mala yake, yaani maziwa hayo yaliyoganda, huwa na vidoa vyeusi na harufu ya moto uliozimwa jana. Waliozoea ladha hiyo utotoni walimfuata kutoka mbali.

Maziwa yalitoka kwa Katoo, mfugaji mzee wa upande wa Mashuuru aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake. Kila asubuhi pikapu ya abiria ilishusha mitungi yake kibandani na kuichukua iliyo mitupu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miaka na miaka, bila kupanda wala kushuka, na Elizabeth hakujua kwamba hilo ni kosa mpaka alipoambiwa na binti yake.

"Mama, wewe hauna biashara," Lorna alisema. "Uko na mazoea tu."

Lorna alikuwa amesomea mauzo chuoni, na kazi hakupata. Alimshika mama yake mkono wakaenda kwenye semina ya wenye biashara ndogo, katika ukumbi wa hoteli moja pale mjini. Mshauri aliitwa Gitonga, mtu wa suti na viatu vyenye ncha. Elizabeth alikaa nyuma na shanga zake, akiwa tayari kutoamini neno hata moja. Jambo la kumchanganya ni kwamba mtu yule alisema kweli.

Alisema mteja anayekuja akakuta umefunga hatakulaumu, atahama tu. Basi fungua saa ileile kila siku, hata kukiwa na mvua. Elizabeth alikuwa na tabia ya kufungua akishamaliza mambo ya kanisa. Alisema bango lisomwe na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda. Alisema asiyekijua kitu chako muonjeshe kidogo bure, na asiyeweza kukufikia umpelekee.

Elizabeth akafanya yote. Alifungua mapema. Bango likaandikwa kwa herufi nyekundu. Kikombe kidogo cha kuonja kikawekwa mezani. Watu wa fleti, ambao walikuwa wakipita pale kama kibanda ni mawe, wakaanza kupiga simu, na Allan, mwana wa Katoo aliyeacha ng'ombe akashika bodaboda, akawa anawapelekea. Katoo akaongeza mitungi. Mambo yakanyooka, na mama yule akaanza kumsikiliza binti yake jinsi zamani watu walivyosikiliza wazee.

Hapo ndipo Lorna alipoleta neno la mwisho la Gitonga: mteja aliyekuja kwa kitu kimoja asiondoke bila cha pili.

"Tuweke chapati," Elizabeth alisema. "Au asali."

"Gitonga alisema usikisie. Uliza wateja wenyewe. Mimi nimeuliza wale mafundi wa ujenzi wote. Wanataka supu."

"Supu ya nyama?"

"Kuna ya mawe?"

Elizabeth alilelewa akijua kwamba nyama na maziwa havikutani tumboni siku moja, wala havikai chombo kimoja. Anayevichanganya anamdhuru ng'ombe aliyetoa maziwa hayo, huko huko aliko. Hakumbuki aliyemfundisha. Ni jambo lililokuwepo tu, kama mlima Ol Doinyo Orok unavyokuwepo ukienda Namanga.

"Mama, chai ni nini?" Lorna aliuliza kwa upole. "Si maziwa? Na Krismasi unakunywa na nyama iko kwa sahani. Ng'ombe gani alikufa?"

Ni kweli alikunywa. Chai iliingia maisha yao kwa mlango wa nyuma na hakuna aliyekaa chini kuijadili. Pasta naye husema kila mara kwamba kiingiacho kinywani hakimtii mtu unajisi. Gitonga alikuwa amesema kweli mara nyingi kabla ya hapo. Mtu aliyekuonyesha njia tangu asubuhi utamkatalia vipi jioni?

Basi sufuria ikatengwa kwenye jiko upande wa kushoto, vibuyu vikabaki kulia. Elizabeth alitenga vikombe, akatenga upawa, akatenga hata matambara ya kupangusia. Mchana watu walipanga foleni mpaka barabarani.

"Mama Lorna," alisema Musila, fundi wa mawe mwenye kinywa kikubwa, "hii mala ikishuka juu ya hii supu, mtu anabeba mawe mpaka jioni bila kutukanwa na foreman."

"Kwani ukikunywa maji unatukanwa?"

"Nikikunywa maji ninatukanwa na tumbo."

Watu wakacheka, na Elizabeth akacheka nao, lakini mkono wake ulikuwa mzito kila alipochota.

Asubuhi moja pikapu ikaja bila mitungi. Dereva alitazama pembeni akasema mzee hakuleta kitu barabarani. Kesho yake ikawa vilevile. Elizabeth akapiga simu.

"Papa, mko salama huko?"

"Tuko salama," ilisema sauti ya Katoo. "Mvua imekataa, lakini tuko."

"Mitungi haijafika."

"Mitungi imelala."

"Inaumwa?"

"Imesikia harufu ya supu," Katoo alisema, na simu ikakatika, au akaikata.

Mtu akimkasirikia, Elizabeth huwa anajua la kufanya: ataomba msamaha, au naye atakasirika. Lakini sauti ile haikuwa na hasira. Na bila maziwa ya Katoo hapakuwa na kibanda. Mafundi wangepata supu popote, na watu wa fleti walipiga simu kwa sababu ya kibuyu.

Lorna hakutikisika. Alitoka na mitungi, akarudi ikiwa imejaa maziwa ya ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wanaofungiwa nyuma ya maghorofa, ng'ombe ambao hawajawahi kuona majani yaliyosimama. "Moshi ni ule ule, kibuyu ni kile kile," alisema. "Fanya kama kawaida."

Mama akafanya kama kawaida. Aliona mala ilivyoganda, nyepesi, ikitetemeka kama uji wa mgonjwa. Alipoimimina mbele ya wateja alikuwa tayari kuaibika.

Hakuna aliyetambua. Mwanamke wa fleti alipiga simu kushukuru. Musila alipangusa mdomo akasema leo mama amejitahidi. Elizabeth akasimama na upawa mkononi. Kama hii ni sawa na ile, basi miaka yote alikuwa akiuza nini? Na mama yake alimfundisha nini kwa bidii kiasi kile, moshi?

Mchana Allan akaegesha pikipiki, akaagiza supu na mala kama desturi yake. Allan alikuwa kijana wa kucheka mila. Alisema ng'ombe hawana simu ya kuambiwa nani kala nini. Alimaliza supu, akanyanyua kikombe, akanywa funda moja. Akakirudisha mezani taratibu.

"Yeyo, niwekee soda," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mala ina nini?"

"Haina kitu. Niko na kiu ya soda tu."

Hakumtazama usoni. Elizabeth alivua aproni, akampa Lorna, akaenda kusubiri pikapu ya Mashuuru.

Alimkuta Katoo nje ya boma, ameegemea fimbo, akimtazama ng'ombe mwekundu aliyekuwa akitafuna pole pole.

"Takwenya," mzee alimwamkia.

"Iko," aliitikia.

Aliletewa kiti, akaletewa chai. Ilikuwa ya maziwa. Aliitazama sana kabla ya kuinywa, akijiuliza kama yeye peke yake ndiye anayeiona.

"Papa, nimekosa nini?"

"Nimesema umekosa?"

"Maziwa hayaji."

"Maziwa yako hapa. Tazama ndama walivyonona." Akaelekeza fimbo kwa yule mwekundu. "Huyu chuchu ilivimba wiki ile ulipoanza kupika supu."

"Si daktari alikuja?"

"Alikuja. Akasema ni uchafu, akadunga sindano, akapona. Sibishani na daktari, nilimpa na mbuzi. Lakini yeye aliangalia chuchu akaenda. Mimi ndiye ninalala hapa."

Elizabeth alitafuta mahali pa kushika. "Na Allan? Allan anakula nyama na kunywa maziwa mchana mmoja. Ninamchotea mwenyewe."

"Allan ana tumbo lake. Nilijaribu kulichunga, likanitoroka likanunua pikipiki. Hawa ndio ninaweza kuchunga."

"Watu wa fleti nao wanakunywa maziwa yako huko juu, na pengine jikoni kuna nyama inachemka."

"Pengine. Sijui jikoni kwao kuna nini." Mzee alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Kwako ninajua."

Elizabeth alikaa na neno hilo njia yote ya kurudi, vumbi likiingia ndani ya pikapu. Kama shida ni nyama, basi dunia nzima ni nyama na maziwa, na ng'ombe wote wangekuwa wamekufa. Kama shida ni kujua, basi ng'ombe anaumwa kwa sababu ya kile mwenyewe anachojua? Aliligeuza hivi, akaligeuza vile, likabaki halina mbele wala nyuma. Gitonga angesema mfugaji mmoja hawezi kuishika biashara shingoni, tafuta maziwa kwingine. Naye angekuwa amesema kweli, kama kawaida yake. Allan naye hakuwa amesema lolote. Alikirudisha kikombe tu. Kati ya kweli zile zote, kikombe ndicho hakikumtoka kichwani.

Alipofika alimwambia Lorna sufuria iondoke.

"Kwa hivyo unanifukuza, Mama."

"Sikufukuzi. Ninakuvusha barabara. Pale kwa mwenye kuuza makaa kuna nafasi. Jiko lako, wateja wako, jina lako."

Lorna alinuna siku nzima. Jioni akatazama ng'ambo, akapima kwa macho, akacheka bila kutaka. "Gitonga angesema umefungua tawi."

Mitungi ya Katoo ikarudi. Supu ya Lorna ikanoga, kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi ya kuweka mabenchi. Na wateja wakafanya kile ambacho mtu yeyote angekitarajia isipokuwa Elizabeth: walinunua mala kwake, wakavuka barabara na vikombe vyake mikononi, wakainywa juu ya supu ng'ambo ile. Aliwatazama wakivuka. Hakujua kama awazuie. Akiwazuia, je, naye amewekwa kuchunga matumbo? Akiwaacha, je, amebadilisha nini ila mahali pa kukaa?

Basi siku moja Katoo mwenyewe akaja mjini kupimwa macho, na akiwa njiani kurudi akapita kibandani. Ilikuwa Julai, mwezi ambao Kitengela hufunikwa na mawingu na watu hushinda na makoti. Elizabeth alimpa stuli pale nje. Wakaongea habari za majani, za mnada wa Bisil, za fulani aliyeuza sehemu ya mwisho ya shamba. Elizabeth aliongea haraka kuliko kawaida, maana mchana ulikuwa unafika.

Allan akatokea. Akamwamkia baba yake kwa heshima, akainamisha kichwa kikaguswa. Kisha, kana kwamba miguu haikuwa yake, akachukua kikombe cha mala, akaangalia magari kushoto na kulia, akaanza kuvuka kuelekea kwa Lorna.

Elizabeth alishika meza. Mzee alikuwa ameelekea barabara kabisa, na daktari alikuwa ametoka kumwambia kwamba jicho moja bado ni zima.

Katoo akainuka. Akainua stuli, akaigeuza, akaketi tena akitazama ukuta wa mabati.

"Jua," alisema. "Linaniumiza macho."

Elizabeth alitazama juu. Jua halikuwa limeonekana tangu juzi.

"Ni kali, Papa," alisema.

Wakaendelea kuongea habari za majani, mzee akiuambia ukuta na Elizabeth akimjibu kutoka nyuma ya meza, mpaka pikapu ikapiga honi.

Kesho yake alifungua mapema kama alivyofundishwa, akasimama mlangoni akisubiri, bila kujua kama aliruhusiwa au aliachwa. Pikapu ikatokea kwenye ukungu, ikapunguza mwendo. Mitungi ilikuwemo, nayo ilikuwa imejaa. Akaichukua ndani, akawasha kijinga, akaanza kusugua vibuyu, moshi ukimtoa machozi, na kila mara alitupa jicho ng'ambo, ambako sufuria ya binti yake ilikuwa imeshaanza kuchemka.