Salfeti ya Shaba kwenye Ndoo ya Bati

Wanafunzi walimwita Mwalimu Msumari, na jina likamkaa. Kila mwaka jaribio lilikuwa lile lile: msumari wa chuma ndani ya maji ya bluu ya salfeti ya shaba, bluu inafifia, msumari unavaa wekundu. "Chuma ni mbabe," angesema, "humfukuza shaba na kukalia nafasi yake." Darasa lingecheka, naye angejiona bingwa wa kemia duniani.

Basi, jioni ya kuamkia mtihani wa vitendo, pipa la plastiki la kuwekea salfeti maabara likapasuka, likaanza kuvuja. Bingwa wetu, kwa haraka zake, akachukua ndoo mpya ya bati, ile iliyopakwa zinki, akamimina humo salfeti yote ya shule, akafunika, akaenda zake. Jamani! Mtu aliyefundisha ubabe wa metali maisha yake yote!

Asubuhi alipofunua, bluu haikuwapo. Zinki ilikuwa imeshaifukuza shaba. Yalibaki maji yaliyopauka na tope la kahawia chini. Angemwambia msimamizi, mtihani ungeahirishwa tu, lakini yeye angechekwa mpaka uzeeni. Akayachuja yale maji, akayagawa kwenye bilauri, kimya.

Kati ya watahiniwa alikuwamo mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, mtoto aliyemlea mwenyewe tangu hajaota meno. Binti alitaka uuguzi, na bila kemia chuo hakimpokei. Wenzake walipoona msumari haubadiliki hawakujisumbua, wakaandika walichokariri. Yeye aliukodolea macho mpaka kengele ikakaribia, akaandika alichokiona: hakuna mabadiliko.

Matokeo yalipotoka, wenzake walipita. Yeye kemia ilimwangusha kwa alama chache tu. Mjomba wake alimkuta jikoni, analia huku anakoroga sufuria.

"Mjomba, nilikosea wapi? Nilitazama vizuri, haki ya Mungu."

"Hukukosea. Maji yalikuwa yameharibika. Niliyaharibu mimi."

Binti akafuta kamasi kwa kiganja. "Ulijua lini?"

"Asubuhi ile. Kabla hamjaingia."

"Na ukapita mezani kwangu, ukanitazama naandika?"

"Nilipita."

Binti akampakulia chakula kama kila siku, akakiweka mezani, akabeba sahani yake kwenda kula chumbani. Kesho yake asubuhi alimsalimu kwa heshima zote: "Shikamoo, Mwalimu." Neno mjomba hajalisikia tena.