Volti Tano kwa Sauti ya Baba

Dada yangu tunamwita Koleo, kwa sababu akishashika kitu haachii mpaka kiachie chenyewe. Ni fundi wa kompyuta, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya Mama, ambako bodi mbovu zimehamia hadi kwenye kabati la vyombo. Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu ni kumlaumu, na naifanya bila mshahara.

Baba alipofanyiwa upasuaji wa koo, sauti haikurudi. Koleo akamtengenezea kompyuta inayosema: Baba anaandika, mashine inatamka, kwa sauti nzito, kavu, isiyovuta pumzi. Kwa miaka sita hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya baba yetu. Ilitutania, ilitugombeza, na ilimwita Mama kutoka chumbani hata akiwa jikoni.

Siku aliyofariki, Mama alimkuta amefumba macho. Akazima spika ili apumzike, akaenda kufua. Aliporudi, Baba alikuwa ameshatutoka. Tangu hapo swali moja lilikuwa likimla Mama: alikuwa amelala kweli, au aliita asisikike? Jibu lilikuwamo ndani ya mashine, kwa sababu programu ile ilihifadhi sentensi ya mwisho iliyoandikwa, na ukiiwasha huanza kwa kuisema.

Tulipopata ujasiri wa kuiwasha, mwaka ulikuwa umepita na bodi imekufa. Kwenye kompyuta mpya programu ilikimbia kama kuku aliyeona mwewe, ikakwama. Ilitaka prosesa yake ileile kongwe, ule ubongo wa mashine, ambao ulikuwa bado mzima. Koleo akahangaika miezi mitatu, akapata bodi moja tu ya kuichukua, nayo ilitoa volti tano. Prosesa ilijengwa kwa volti tatu na kitu.

"Itaungua," nikamwambia.

"Itaungua, ndiyo. Ila itasema kwanza."

"Basi angalau turekodi kwa simu."

"Usinirekodie mume wangu kama mgeni rasmi," Mama akanikata.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, watoto wa jirani wanapiga kelele nje. Koleo akawasha. Yeye hupima joto kwa kidole: ukihesabu kumi bila kukiondoa, endelea na kazi. Akaweka kidole juu ya prosesa, akahesabu kumi. "Bado haijapata moto," akasema. Nikagusa mimi, nikaruka nikipuliza kidole. Miaka ya kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa ilikuwa imeziua ncha za vidole vyake, na hakuwa na habari. Alikimbilia feni, lakini spika ilimtangulia.

"Mama Koleo. Sijalala."

Mama alishika ukingo wa meza, akakaa taratibu.

"Ulikuwa unaumwa?" akaiuliza, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Kidogo."

Hakuna aliyekuwa amegusa kibodi. "Joto limeichanganya," Koleo alinong'ona. "Inaokota maneno yake ya zamani." Alisema hivyo huku akirudi nyuma sawa na mimi, mkono mmoja ukiwa kwenye swichi ya ukutani. Nilitamani aizime. Naapa, sijawahi kumwogopa baba yangu akiwa hai kama nilivyomwogopa wakati ule.

"Usizime," Mama akasema. "Safari hii hakuna anayezima." Akasogeza uso karibu na spika, akashusha sauti. "Umenisamehe?"

Harufu ya plastiki inayoungua ilikuwa imeshajaa chumbani.

"Hapana," ikasema mashine, na kioo kikawa cheusi.

Koleo akachomoa waya, akapiga magoti mbele ya Mama. "Mama, nisikilize. Hiyo ni hitilafu. Volti zimezidi, prosesa ikawa inabahatisha. Hiyo kidogo, hiyo hapana, si maneno ya Baba. Mashine haijui kusamehe wala kukataa."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

"Na hiyo sijalala?" akauliza. "Nayo ni volti?"

Nikamkonyeza dada yangu adanganye. Uongo mdogo tu, Mama apate usingizi. Aliniona vizuri, kisha akamgeukia Mama.

"Hapana, Mama," akasema. "Hiyo aliandika mwenyewe."