Gavana Juu ya Friji

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Stechford, Birmingham, alihamia gavana wa Kijapani. Ndivyo alivyoelewa Koko, bibi yangu mzaa mama, na mpaka leo sijui nimcheke au nimwamini.

Shuleni kila mmoja wetu alipewa jengo la kale alitengeneze kwa karatasi ngumu. Mimi nikapangiwa nyumba ya serikali ya Japani, ya enzi za makabaila, ambayo bado imehifadhiwa: vyumba vya mikeka, ghala la mpunga wa kodi, na ua wa kokoto ambako watuhumiwa walipigishwa magoti. Niliipenda sana. Niliokota kokoto karibu na stesheni, nikafinyanga wakulima waliopiga magoti, na gavana nikamkalisha ndani. Jumatatu nilitakiwa kuipeleka shule.

Jumamosi mdogo wangu Espoir akaamka mwili unawaka. Mama alimpa dawa, akasema ni masikio tu. Koko alikuwa anaitazama kazi yangu, mezani karibu na kochi alikolala Espoir.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"It's for school, Koko."

"Siulizi shule. Mwenye nyumba iko wapi?"

"Alikuwa gavana wa Japani. Alikufa, zamani sana."

Akaketi. Kwao Kivu, kijumba kidogo namna ile hakikujengwa kwa mchezo. Kilikuwa makao ya wafu, ili wakae karibu na watoto wao. Koko aliimba kwaya kanisani na alidai mambo hayo aliyaacha zamani, lakini alimnyooshea gavana kidole.

"Unamujengea mutu wa Leta nyumba, unamuweka karibu na mutoto?" Leta ndiyo serikali, kwa Wakongo wa rika lake. "Baba yangu walimupigishaka magoti kwa mawe, mbele ya nyumba ya Leta. Na hawa Wajapani hawakuiangusha?"

Nikamwambia wanaitunza, na wageni huvua viatu kabla ya kuingia.

"Wanavua viatu," akarudia. Sikujua kama ameudhika au amestaajabu. Nadhani hata yeye hakujua.

Nilianza kulia, maana niliona ataichoma. Hakuichoma. Aliwainua wakulima mmoja mmoja, akawalaza mikekani. Mmoja alikaa naye mkononi kidogo, akamwambia, "Pumzika, Baba." Kisha akamtoa gavana, akamweka kwenye kokoto, akasali kwa jina la Yesu.

Jioni Espoir akaomba chai na mkate. Mama akasema ile dawa ni nzuri. Koko akamkatia Espoir mkate.

Jumatatu mwalimu aliniambia kwa upole kwamba nimechanganya mambo, gavana alikaa ndani. Nilikuwa najua. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza, na hata kwa Kiswahili sidhani ningeweza.

Ukubwani nimesoma zaidi habari za nyumba ile. Labda wanaitunza ili ule ua usisahaulike, labda kwa kuwa ni nzuri tu. Sijapata jibu la kuniridhisha. Siamini kwamba mkubwa wa Kijapani alifunga safari mpaka Birmingham kumtia homa mtoto wa Kikongo. Ila Koko ametangulia, na nyumba yangu ya karatasi iko juu ya friji, na nikipangusa vumbi nawainua wale wakulima na kuwarudisha palepale mikekani. Gavana simwingizi ndani.