Jiwe la Hiza

Kila kiangazi, joto la Korogwe likiwashinda hata mbuzi, nyumba nzima ya Hamisa ilipanda Vugiri, hadi bonde la juu lenye ziwa dogo la maji baridi. Walikaa siku mbili, wakaoga, wakala mihogo ya kuchoma. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake ukingoni. Ukifika unalichovya majini, kisha unalirudisha mahali pake. Jiwe la marehemu hutoswa, na hapo ndipo ukoo unapokubali kwamba mtu amekwenda.

Hiza, mume wa Hamisa, alichukuliwa na askari wa Wadachi vita vyao na Waingereza vilipoanza, akabebeshwa mizigo. Mwaka wa pili jirani mmoja alirudi, akasema alimwacha na homa kando ya njia, mbele ya Mkata. Hakumwona akifa. Hakumwona akiinuka pia.

Kiangazi hicho Mwinjuma, mdogo wake Hiza, alijitolea kuwapeleka. Huyu miaka yote alisingizia magoti. Safari hii magoti yalipona, maana jiwe la kaka yake likishatoswa, Hamisa angekaa eda, na eda ikiisha Mwinjuma angemrithi, yeye pamoja na shamba lake.

Zamani Hamisa ndiye aliyeimba njiani na kuwagombeza wanaopumzika ovyo. Sasa alipanda kimya, miguu ikijiendea tu.

"Mama, kidole kinatoka damu," alisema binti yake, Zuena.

"Nimeona."

Hakuwa ameona. Alikuwa amekufa ganzi tangu siku ile ya jirani. Alitaka kulia, akakitafuta kilio, hakukipata.

Walipofika alifungua chakula. Walikuwa watatu, naye alikuwa amefunga vifurushi vinne, maana mkono ulizoea kumfungia na Hiza. Alikitazama kile cha nne. Mwinjuma alikichukua, akakila bila kuuliza ni cha nani.

Kisha wakaenda ukingoni. Zuena alichovya jiwe lake. Mwinjuma alihangaika kulitafuta la kwake, maana hakuwa amelishika tangu ujana.

"Shemeji," alisema kwa upole, "la kaka tulitose leo. Naye apumzike."

Hamisa aliinua jiwe la Hiza, jeusi lenye mstari mweupe. Alilichovya, akalifuta kwa upindo wa kanga, akalirudisha mahali pake. Halafu akachukua la kwake, akalitupa katikati ya ziwa.

"Mama, hilo lilikuwa lako," alisema Zuena.

"Najua, mwanangu."

Mwinjuma alimgeukia. "Sasa ndiyo nini hii, shemeji?"

"Hiza hatujui kama amekufa. Mimi najijua," alisema Hamisa. "Na maiti hairithiwi, shemeji."

Akakaa juu ya mwamba, akatumbukiza miguu majini. Baridi ilikichoma kile kidole, akashtuka kwa maumivu. Hapo ndipo alipoanza kulia.