Kidahizo cha Bibi Kizingiti

Ofisini walimwita Bi Nukta. Jina hilo alipewa na wapanga kurasa, baada ya kuzuia kurasa zisiende kiwandani kuchapwa asubuhi nzima kwa ajili ya nukta moja iliyozidi mwishoni mwa kichwa cha habari. Ikaja kuonekana ni kinyesi cha nzi. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alikikwangua kwa ukucha, akasema nzi hakusomea uhariri, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Mtaani alikuwa Mama Kidoti, kwa sababu binti yake alizaliwa na alama nyeusi shavuni. Kwenye kitambulisho cha kazi bado alikuwa na jina la ukoo wa mume, mhandisi wa maji ambaye walikwisha kuachana zamani. Mhandisi alipohama alichukua redio, viatu na kabati. Jina akalisahau, na mkewe hakupata wasaa wa kumrudishia.

Ujanani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliacha kazi, au aliachishwa, inategemea unamuuliza nani, baada ya kumsahihisha mwalimu mkuu sarufi mbele ya wazazi. Ndipo akaingia katika nyumba ya uchapishaji iliyokuwa ikitengeneza ensaiklopidia kubwa. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Feni ilikuwa na kasi moja tu, ile ya kupeperusha karatasi, kwa hiyo kila meza ilikuwa na mawe yake. Bi Nukta alikaa dirishani, idara ya Watu, na kwa miaka mingi alishughulika na wanaume: majemadari, wafalme, wavumbuzi. Wanaume hawakumpa taabu. Mtu alizaliwa na jina lake, akafa nalo, basi.

Kazi ilipofika kwa wanawake wa jumba la ufalme wa kale, mambo yakageuka.

Rasimu ilikuwa imeandikwa na mhadhiri mmoja asiyependa kupoteza wino. Kidahizo, yaani lile neno zito jeusi linaloanzisha kila habari, alikiweka hivi: Mke wa Mfalme, tazama Mfalme. Msomaji akienda kwa Mfalme anakuta vita, mipaka, kodi na ujenzi wa ngome, na mwisho kabisa sentensi ya neno moja: Alioa.

Bi Nukta aliipeleka rasimu kwa Mhariri Mkuu, mtu nadhifu mwenye kipara kinachong'aa, aliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani ila kuna kanuni ambayo haijaandikwa. Katika jumba lile, kila mke mkubwa alipoingia alivuliwa jina la kwao na kuvikwa jina moja la jumba, Aliyeletwa. Kwa hiyo walikuwapo akina Aliyeletwa wengi, mmoja baada ya mwingine. Mhariri Mkuu akasema hilo ni jepesi. Wafalme wana namba, na wake zao wapewe namba.

Bi Nukta alijaribu kwa moyo safi. Akaenda vizuri hadi kwa mke mmoja aliyepewa talaka, akarudishwa kwao, akaolewa mwingine mahali pake, kisha yule wa kwanza akaitwa tena. Akarudi kwa bosi kuuliza kama huyu ni Aliyeletwa wa Nne au wa Sita.

Mhariri Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Muite wa Nne na wa Sita."

"Mtu mmoja, Bosi?"

"Si ndiye huyohuyo?"

Akaandika hivyo. Wapanga kurasa wakaurudisha ukurasa na alama nyekundu, wakidhani Bi Nukta amekosea. Haikuwahi kutokea arudishiwe ukurasa. Siku ile alikula chakula chake cha mchana akiupa ukuta uso.

Baada ya hapo akafika kwa Bibi Kizingiti. Huyu naye alikuwa Aliyeletwa, lakini mumewe alikufa akamwachia mtoto mdogo na ufalme mkubwa. Sheria ilisema mwanamke haketi ndani ya chumba cha baraza. Hakugombana na sheria. Aliweka kigoda chake juu ya kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akatawala kutoka hapo mpaka mwanawe alipoota ndevu. Wazee wa baraza ilibidi wageuze viti kuelekea mlangoni, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kumwomba apishe. Watu wakamwita Bibi Kizingiti, na watoto wa shule mpaka leo humjua hivyo.

Habari kwamba kitabu kinaandika mamalkia zilivuja, maana ofisi haina siri. Wa kwanza kuja alikuwa Daktari wa Meno, mzaliwa wa ukoo alikotoka Bibi Kizingiti. Alikuja na koti lake jeupe, akaeleza kwa upole kwamba kwao jina alilozaliwa nalo bado lipo. Ni fupi, la silabi mbili, alipewa na nyanya yake. Akalitaja. Kizingiti, alisema, ni utani wa mitaani, na Aliyeletwa ni jina la mzigo.

Hajamaliza, akaingia Shangazi. Huyo alikuwa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote katika ukoo wa kifalme, na mkoba wake wa ngozi aliushika mbele kama ngao. Daktari alimpisha kiti. Shangazi akaketi, akamwomba asilirudie lile neno alilolisikia akiwa kwenye ngazi. Akasimulia kwamba Bibi, alipokwisha kuingia jumbani, alimtoza mtu ng'ombe kwa kumwita hivyo hadharani.

"Jina hilo aliitwa akifua nguo za watu," Shangazi akasema. "Alilikimbia. Nanyi mnamfukuza nalo mpaka kitabuni?"

"Hakulikimbia, Shangazi. Alinyang'anywa."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Na wewe?"

Wote wawili wakamgeukia Bi Nukta, kana kwamba yeye alikuwepo.

Akawauliza Bibi mwenyewe alijiitaje. Shangazi akajibu kwamba malkia hajiiti, huitwa. Daktari akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Yakawa majibu mawili ya haki, na hakuna hata moja linaloweza kuchapwa. Bi Nukta akawaletea chai. Shangazi alipokunywa akakunja uso, Daktari akaona, akamuuliza hilo gego linamsumbua tangu lini. Waliondoka pamoja, Daktari amembebea mkoba.

Basi mwezi huohuo Kidoti alikuwa anaolewa. Kidoti alikuwa fundi wa maabara, msichana mtulivu, na mambo ya harusi aliwaachia wakubwa. Kosa lake lilikuwa hilo. Akaja wifi yake Bi Nukta, dada wa Mhandisi. Mume huachwa, wifi haachwi, na huyu aliingia bila hodi kama zamani. Alileta mfano wa kadi ya mwaliko. Juu iliandikwa Bwana na Bibi, kisha jina la ukoo wa Mhandisi, wanakualika kwenye harusi ya binti yao.

Tabu ni kwamba Bibi mwenye ukoo huo sasa alikuwa mke mwingine, aliyeolewa kihalali, mtu mwema tu asiye na kosa. Bi Nukta akauliza yeye yuko wapi katika kadi hii.

"Kwani wewe hujaitwa hivyo?" wifi akajibu. "Basi umo."

Bi Nukta aliisoma kadi upya. Alimwona wa Nne na wa Sita ndani yake. Akasema ataipeleka mwenyewe kwa mchapaji.

Mchapaji wa kadi alikuwa na kibanda chenye joto, kompyuta moja na subira. Akaweka vidole juu ya vibonye.

"Niandike nani, mama?"

Na huyu mwanamke, aliyekuwa amewapangia watu wa karne nzima majina yao kwa herufi nzito, akaanza kuyahesabu ya kwake. Ukoo wa mume una mwenyewe. Bi Nukta ni jina la ofisini, haliendi harusini. Kulikuwa na jina la baba yake, fundi mwashi, marehemu, ambalo hakulitumia tangu shule. Akalitaja kwa sauti, kujaribu tu. Likatoka kama mtu anamwita kutoka uani aje aoshe vyombo. Akamwambia mchapaji amsubiri kidogo, akaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Hakuwa na hasira. Aliona haya, kama mgeni aliyeulizwa anakwenda kwa nani naye hajui. Akawaza kwamba siku zote alikuwa akitafuta jina lipi ni la kweli, na yote yalikuwa ya kweli, hata lile la kinyesi cha nzi. Kadi hii itapita mikononi mwa nani? Majirani wanamjua kwa jina moja, ndugu wa baba yake kwa jingine, na kila mmoja atataka kumwona humo. Akarudi ndani. Baada ya jina la Mhandisi akaandikisha jina lake mwenyewe na la baba yake kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa ndogo, Mama Kidoti. Mchapaji alisema kadi haziandikwi hivyo. Bi Nukta akamwambia aandike tu, kwani hata yeye mwenyewe ameshangaa.

Juma lililofuata alimpelekea Mhariri Mkuu pendekezo. Kila mwanamke awe na kidahizo chake, asielekezwe kwa mumewe. Kidahizo kiwe jina ambalo wasomaji watamtafutia, kwa hiyo Bibi Kizingiti abaki Bibi Kizingiti. Mstari wa kwanza utaje jina la kuzaliwa, kisha la jumba, na useme nani alimpa kila jina. Ile habari ya ng'ombe nayo iingie. Na kwa wale ambao jina la kuzaliwa halijulikani, iandikwe wazi: jina lake halikuhifadhiwa.

Mhariri Mkuu alikwama hapo mwisho. Ensaiklopidia, alisema, haitangazi ujinga wake.

"Milima isiyopimwa tumeandika haijapimwa," Bi Nukta akasema.

"Mlima hauna ndugu wa kuja kulalamika."

"Hawa pia hawana, Bosi. Ndiyo maana majina yamepotea."

Mhariri Mkuu akaenda dirishani. Chini walikuwa wanapakia magodoro. Alitazama mpaka la mwisho likafungwa kamba, kisha akasema sawa, kwa sababu kiwanda kinataka kurasa. Sababu yake ilikuwa hiyo, na hakuna aliyemdai nyingine.

Harusi ilikwenda salama. Mshereheshaji alimwita Bi Nukta mama mzazi tangu mwanzo hadi mwisho, na kadi hakuna aliyeitaja. Isipokuwa mzee mmoja upande wa baba yake, ambaye hawakuonana tangu msiba wa huyo baba. Alimshika mkono mlangoni akasema ameona jina la kaka yake limeandikwa vizuri. Bi Nukta akamwambia asante, baba mdogo.

Kitabu kilipotoka, Daktari wa Meno alilalamika kwamba jina la ukoo wake limewekwa la pili. Shangazi alilalamika kwamba limewekwa kabisa. Mhariri Mkuu alipima malalamiko yote mawili, akayaona yako sawa kwa uzito, akatangaza kwamba kazi imefanyika kwa haki.

Kisha akamhamishia Bi Nukta kwenye idara ya Mito. Siku ya kwanza mezani akakuta mto unaopita katika nchi tatu, kila nchi na jina lake. Akasogeza jiwe, akachonga penseli, akauliza kama mito ina namba. Akaambiwa haina. Akasema afadhali.