Ngao Iliyokuwa Bado Mbichi

Asubuhi ile nilikuwa namenya ndizi huku namnung'unikia mume wangu. Alikuwa amekaa mlangoni na ngao ya ngozi ya nyati mapajani, anaipaka udongo mweupe kwa kidole, na mbuzi hawajafunguliwa.

"Baba Naserian, mbuzi nao watakula rangi?"

"Wakila watapendeza," akasema, bila kuinua kichwa.

Ndivyo alivyokuwa, jamani! Kijiji chetu hapa juu ya Ngaramtoni hakikuwa na mchoraji mwingine. Kila ukoo una alama yake, na kila rika lina nyongeza yake, na zote alikuwa nazo kichwani kama alivyofundishwa na baba yake. Ukiitazama ngao unajua babu za mwenyewe walitoka wapi na walipigana na nani. Sisi historia yetu hatukuwa na pengine pa kuiweka.

Jua halijapanda sana, habari ikafika: Wadachi wanapanda mlima na askari wao, wamekwisha kuchoma migomba ya kijiji cha chini. Wazee wakasema hatupigani, tuna watoto. Wakaagiza lifanyike la desturi. Vijana walaze ngao zote njiani, uso juu, kisha wasimame kando wameshika majani mabichi. Kwetu aliyelaza ngao hivyo amevua vita, na mwenye majani mkononi haguswi. Hata adui zetu wa siku zote walilijua hilo.

Mume wangu akasimama na ile yake.

"Hiyo iache, hujaimaliza, wala haijakauka," nikamwambia.

"Wote walaze, mimi nifiche? Watasema tuna hila."

Aling'oa majani pale mlangoni, akatoka.

Wadachi wakakata kona. Wakaona ngao, njia nzima ngao.

Majani hawakuyaona.

Bunduki zikalia.

Nilijitupa mferejini, Naserian wangu nimemlalia.

Kisha kimya.

Walizikusanya ngao wakazichoma, na ngozi zikanuka kama nyama iliyoungua. Mzungu wao mmoja akaiokota ya mume wangu pale alipoilaza, ubavuni pa maiti yake. Akaigeuza, akaipenda. Aliishika kwa ncha za vidole asichafuke, akampa askari aibebe, wakaenda nayo.

Wazee wetu siwalaumu. Walitaka amani, wakaiomba kama walivyofundishwa kuiomba.

Migomba iliota tena. Ng'ombe waliowaswaga siku ile, tulipata wengine. Alama hazikurudi. Vijana huja hapa: "Shikamoo bibi, alama ya ukoo wetu ilikuwaje?" Nawachorea kwenye majivu ya jikoni, nafika katikati, mkono unakwama, nafuta. Inaniuma, nisiseme uongo.

Nasikia huko kwao wana nyumba za kuweka vitu vya watu wengine. Basi ya kwetu itakuwa humo, upande mmoja haujapakwa. Ule udongo ulikuwa mbichi, kwa hiyo vidole vya Baba Naserian vimebaki palepale alipoviweka. Mimi mkewe sina hata hicho.