Mbolea Iliyogeuka Mawe Mwandiga

Mjomba wangu alipopakiwa kwenye lori na kurudishwa kambi ya wakimbizi, mimi nilikuwa chuoni, mbali na Kigoma, nikisoma fizikia. Mama alinipa habari kwa simu ya jirani. Hakulia. Alisema tu kwamba mbolea imeganda ghalani, na mdogo wake ndiye aliyebebeshwa lawama.

Mama alikuja kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na baba, Muha wa Ujiji, na watu wakasahau alikotoka. Mjomba alikuja miaka mingi baadaye, vita vilipowaka tena, na yeye hakuna aliyesahau alikotoka. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini. Aliishi nasi Katubuka na kulinda ghala la mbolea ya chumvichumvi huko Mwandiga, ghala la bati kuanzia ukutani hadi paani. Ukiingia mchana, jasho lilikutoka kabla hujafika katikati.

Msimu wa kupanda ulipofika, wakulima walifungua mifuko wakakuta mawe. Msimamizi wa ghala alitangaza mbele yao kwamba mlinzi alikuwa akichota mbolea na kuiuza, kisha akimwaga maji kwenye mifuko ili uzito urudi. Hakuna aliyeuliza maji yalipitaje kwenye mifuko iliyoshonwa na yenye nailoni ndani. Mkimbizi alikuwepo, ikatosha.

Nilipokuja likizo nilichukua bonge moja kwa jirani yetu mkulima, na dukani nikanunua mbolea ya aina ileile ambayo haijaganda, nikarudi navyo chuoni. Kule tulikuwa na mashine ya Raman. Unamulika fuwele kwa leza. Karibu mwanga wote unarudi na rangi yake ileile, lakini kiasi kidogo mno kinarudi rangi imesogea, kwa sababu kimekutana na atomi zinazotikisika. Atomi zikijipanga vingine, zinatikisika vingine, na mistari kwenye kompyuta inahama. Mwalimu wangu aliniachia mashine Jumamosi nzima.

Niliweka chembe ya ile mbolea nzima juu ya hita ndogo, nikapandisha joto taratibu. Mistari ilisogea kidogo kidogo, kisha, joto lilipopita digrii thelathini na mbili, ikaruka. Fuwele ilikuwa imebadili umbo lake. Nikapoza, mistari ikachelewa, halafu ikarudi. Chembe iliyokuwa laini sasa ilikuwa na nyufa. Kila fuwele inapojipanga upya inavimba au inasinyaa, inapasuka, na kwa unyevu mdogo tu ambao mbolea inatoka nao kiwandani, vipande vinashikana na vya jirani. Nyingine niliijaza kwenye chupa, nikaiziba kwa nta, nikaipasha na kuipoza tena na tena, kama mchana na usiku wa lile ghala. Ilibidi niivunje chupa kwa nyundo ili kutoa bonge, lenye nyufa kama lile nililotoka nalo nyumbani. Ndani ya chupa halikuingia hata tone la maji.

Wenzangu walinipongeza. Mimi, kwa hasira, nilikuwa nimeshaanza kuulizia basi la Kigoma.

Nilikwenda Mwandiga. Nilimwamkia msimamizi shikamoo kama nilivyolelewa, kisha nikamweleza niliyoyaona chuoni. Hakuwa mjinga. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama dari ingesaidia, kama madirisha ya juu yangepunguza joto. Nilimjibu yote. Kisha nikamwomba aende kwa wakubwa akamsafishe mjomba jina.

Aliegemea kiti. "Kwa hiyo unataka niwaambie wakulima kwamba mwizi ni jua?"

"Waambie ulikosea," nilisema.

Akanijibu kwamba mambo ya wakimbizi yako mikononi mwa serikali, na mimi ni binti mwenye akili, nisiyachanganye na masomo.

Msimu uliofuata ghala lilikuwa na dari, madirisha ya juu, na mbao za kuinua mifuko kutoka sakafuni. Mbolea haikuganda tena. Walikuwa wameyaamini maneno yangu yote yaliyohusu mbolea, wakayaacha yaliyohusu mtu.

Nilimfuata mjomba kambini. Alinipokea kwa "Amahoro, mwishwa," salamu ya Kirundi, maana mimi ni mpwa wake, akanipa kigoda chake, yeye akakaa chini. Nilimweleza habari za leza na atomi, naye akasikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza mgeni.

"Mimi niliwaambia sikumwaga maji," akasema nilipomaliza.

"Najua, marume," nilimjibu, nikimwita mjomba kwa Kirundi.

"Niliwaambia kwa Kiswahili, wakasikia. Wewe ukaenda kuiuliza taa. Kumbe taa ndiyo inayoaminika."

Mpaka leo, nikiwa kazini na mashine kama ile, sentensi hiyo inanichoma kuliko yote aliyosema msimamizi.

Mjomba alirudi Burundi kwenye msafara wa wanaorejea, kwenda kulima shamba la baba yao, yeye na mama. Hakuna aliyewahi kumwambia pole. Mama, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni Katonga, hakuzungumzia tena jambo hilo nyumbani. Ila msimamizi yule alipenda dagaa wake, na kila alipokaribia meza, mama alilifunika beseni kwa kanga na kumwambia wamekwisha, huku wateja wengine wamesimama wakisubiri kupimiwa.